Mti Hauli Matunda Yake

Kuna neno limeibwa mchana kweupe na sisi wenyewe tunatazama. Neno lenyewe ni "matunda".

Nenda kanisa lolote la mjini siku hizi, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mtwara, ukae usikilize shuhuda. Dada anasimama: mwaka juzi nilikuwa nagombania daladala, mwaka huu Bwana kanipa gari. Makofi. Kaka anasimama: nilipanda mbegu ya laki mbili, mwezi haujaisha nikapata tenda. Makofi na vigelegele. Kisha mchungaji anachukua kipaza sauti na kuhitimisha kwamba hayo ndiyo matunda ya mtu aliyekua kiroho. Ambaye bado hajayaona ajichunguze. Huenda ana laana ya ukoo, huenda hatoi zaka kamili.

Sina ugomvi na gari la yule dada. Alitumie salama na Mungu amlinde na foleni za Mbagala. Ugomvi wangu ni mmoja tu: tangu lini tunda likawa kitu ambacho mti umepata?

Hoja yangu ni fupi, na naiweka mezani mapema ili anayetaka kubishana asipoteze muda. Mti hauli matunda yake. Mwembe hauli embe, mkorosho hautafuni korosho. Tunda ni kile ambacho mtu mwingine anakipata kutoka kwako. Kwa hiyo ukitaka kujua kama umekua kiroho, acha kuhesabu ulichopata. Kamuulize jirani yako amepata nini kwako.

Hebu soma tena orodha ya Paulo kwa Wagalatia, sura ya tano. Anataja mambo tisa, kuanzia upendo hadi kiasi. Gari halimo, nyumba haimo, visa ya Marekani haimo. Halafu angalia kitu kingine: karibu yote tisa hayawezekani ukiwa peke yako. Utakuwaje mvumilivu bila mtu anayekuudhi? Utakuwaje mwaminifu bila mtu aliyekukabidhi kitu chake? Upole unaonekana pale penye mtu unayeweza kumuonea halafu ukaacha.

Badala ya kubishana hewani, naomba twende wote kusini, Masasi na Newala, kwenye nchi ya mikorosho. Naichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko matunda si lugha ya mafumbo. Ni karo ya shule, ni bati la nyumba, ni nauli ya kwenda hospitali. Pili, ni moja ya sehemu za bara ambako Injili ilipandwa mapema, kwa hiyo tunaweza kuangalia ilizaa nini na inazaa nini.

Tuanze na mti wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho ghafi, nyingi zikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Miti ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ikawa haimlipi mkulima, palizi ikaachwa, na juu yake ukaja ugonjwa wa ubwiri unga.

Ubwiri unga ni ugonjwa wa ajabu. Hauangushi mti. Unashambulia maua na machipukizi. Ukipita barabarani unaona mkorosho wa kijani, kivuli kizuri, mbuzi wamelala chini yake. Maua yapo. Korosho hakuna.

Nikiutazama Ukristo wetu wa mjini, hasa wetu sisi vijana tuliopita vyuo vikuu, naona ubwiri unga. Maua tunayo, tena ya kutosha. Kongamano la vijana, mkesha wa mwisho wa mwezi, kwaya yenye sare tatu, semina ya uongozi, kundi la maombi saa kumi na moja alfajiri. Kila Januari mwaka unapewa jina: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kumiliki, mwaka wa mpenyo. Ikifika Desemba, mfanyakazi wa ndani wa mlokole yuleyule anadai mshahara wa miezi miwili.

Wakulima wanajua jambo jingine. Mikorosho ikibanana haizai vizuri. Wataalamu wanashauri mita 12 kati ya mti na mti, kwa sababu mkorosho unachanua kwenye ncha za matawi, upande wa nje, kule panapopigwa na jua. Ndani ya shamba lililosongamana utakuta kivuli na majani makavu. Sisi tumebanana ndani ya ukumbi siku nne kwa wiki, tunatiana moyo sisi kwa sisi, tunaombeana sisi kwa sisi, tunaoana sisi kwa sisi. Aliye nje ya ukumbi anapata nini? Anapata kelele za spika.

Sasa tuje kwenye historia, maana kuna watu wanafikiri kukua kiroho ni uvumbuzi wa miaka ya karibuni.

Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Lindi kwa miguu kuelekea bara akiwa na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani. Wakaanzisha kijiji Masasi. Kwa vipimo vyetu vya leo, ile ilikuwa huduma iliyofeli vibaya. Septemba 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, walivamia, wakaua, wakateka watu. Misheni ikahamia Newala, kwa Matola, chifu wa Wayao. Wakarudi baadaye, wakajenga upya. Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimepamba moto, kituo cha Masasi kikachomwa. Pigo mara mbili ndani ya miaka 23! Nabii wa leo angewaambia mahali pale pana mkosi, wahamie Dar, wafungue tawi karibu na kituo cha mabasi.

Yohana sura ya 15 inasema kinyume kabisa. Mkulima anapogoa tawi linalozaa, ili lizidi kuzaa. Kisu hakimtafuti aliyelaaniwa. Kinaweza kumfuata hata yule anayefanya vizuri. Ukimfundisha kijana kwamba kila pigo ni dalili ya dhambi au uchawi wa shangazi, umemnyang'anya sura nzima ya Biblia.

Na katikati ya mapigo hayo mawili kuna mtu ambaye vijana wengi wa Kikristo nchini hawajawahi kumsikia: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na kusomeshwa na misheni Zanzibar. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa Nakaam, kiongozi wa Wayao wa pale. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alifanya kazi huko miaka kama 11, kwa sehemu kubwa bila Mzungu wa kumsimamia, na kituo chake kikawa moja ya vituo vilivyostawi sana. Nakaam mwenyewe akabatizwa, akaitwa Barnaba.

Tafakari hapo. Mtu ambaye utotoni aliwahi kuwa na bei sokoni anarudi bara, upande ule ule ambako misafara ya watumwa ilipita, anakaa na watu na kuwafundisha. Alikuwa na kila sababu ya kudai fidia. Hakuna gari katika ushuhuda huo, na sijui ungepigiwa makofi na nani.

Sitaki mtu adhani nawasafisha Wazungu wa misheni. Tangu Majaliwa apate upadri mwaka 1890, ilipita miaka 78 kabla Dayosisi ya Masasi haijaongozwa na askofu Mwafrika, Hilary Chisonga, aliyempokea Trevor Huddleston mwaka 1968. Miaka 78 ya kuhubiri udugu huku kiti cha juu kikiwa na wenyewe! Hilo nalo ni tunda, na ni tunda chungu. Lisemwe.

Lakini haki itendeke pia kwa waliozaa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikuta jando na unyago. Wengine wangepiga marufuku na kuita ushetani. Yeye alijitahidi kuingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa. Unaweza kumkosoa kwa alivyofanya, lakini alielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: katika nchi ile mtu hajitangazi kwamba amekua. Anakuzwa na wengine, anafundishwa wajibu wake kwa wazazi, kwa mke, kwa wageni, kisha jamii inamtambua. Sisi tunajipa vyeo wenyewe. Jumatatu mtu ni muumini, Ijumaa ni mtume.

Au mchukue Leader Stirling, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza aliyefika Lulindi, Masasi, mwaka 1935. Hospitali ilikuwa ya udongo na nyasi. Alipasua watu humo humo, akafundisha wauguzi humo humo. Baadaye akahamia Kanisa Katoliki, akachukua uraia wa Tanzania, na miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Alifariki mwaka 2003. Wanaopenda kugombana nani ni wa dhehebu gani watapata tabu naye. Mgonjwa aliyetolewa uvimbe hakupata tabu yoyote. Alipona, akarudi shambani, awe Mkristo au Mwislamu. Ndiyo maana ya tunda: anayelila halazimiki kuujua ukoo wa mti.

Haya, historia inatosha. Leo je?

Leo huko Masasi na Newala kuna kitu kinaitwa kangomba. Kwa asiyejua: miezi ya mwanzo wa mwaka fedha za msimu uliopita zimekwisha, chakula kinapungua ghalani, mtoto anatakiwa shule, mama anaumwa. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu. Anazinunua korosho ambazo mti haujazichanua hata ua, kwa bei anayopanga yeye, na mara nyingi kwa kipimo chake mwenyewe kinachozidi kilo. Msimu ukifika, mkulima anapanda shambani na familia yake kuokota mali ya mtu mwingine. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/08. Mwaka 2018 Rais Magufuli aliagiza korosho zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapelekwa kuzisomba, na wenye kangomba wakasakwa. Njia ni nyingi, lakini kangomba inaota palipo na njaa.

Swali langu si la kiuchumi. Swali langu ni hili: huyu mwenye kangomba, siku ya ibada anakuwa wapi?

Wapo walio msikitini. Hao wana mashehe wao wa kuwasemesha. Wapo walio kanisani, benchi la mbele, wametoa mifuko ya saruji ya ujenzi na majina yao yametangazwa. Hao ni wetu na ndio ninaowasema. Mtu amechukua jasho la mjane kwa nusu ya bei, akalipa sehemu ya kumi ya faida madhabahuni, na sisi tukampa kipaza sauti ashuhudie matunda. Matunda ya nani? Yale ni ya yule mama! Mti huu haukuishia kula matunda yake, umekula na ya jirani.

Na usijifariji kwamba hayo ni mambo ya vijijini. Mtaji mara nyingine unatoka mjini. Wewe msomi mwenzangu unayemtumia binamu yako milioni moja kwa simu "akaizungushe kwenye korosho", bila kuuliza ataizungusha vipi, wewe ni kangomba mwenye shahada. Umeokoka? Vizuri sana. Kamuulize mkulima aliyeizungukia hiyo milioni.

Nazijua hoja zitakazoletwa. Nizijibu.

Ya kwanza: tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Sawa kabisa, na Waefeso sura ya pili imesema hivyo katika mstari wa nane na wa tisa. Ila usifunge kitabu hapo, endelea mstari wa kumi, unaosema tuliumbwa tufanye nini. Hakuna anayedai mkorosho unakuwa mkorosho kwa sababu umezaa. Tunachosema ni kwamba ukikaa miaka kumi na tano bila korosho, mwenye shamba ana haki ya kuuliza.

Ya pili: umaskini si utakatifu. Nakubali, tena kwa mikono miwili. Hapa wahubiri wa mafanikio wana pointi, maana makanisa ya zamani yaliwahi kuwatuliza maskini kwa ahadi za mbinguni huku wakinyonywa mchana. Kama Mungu hafurahii umaskini, basi hafurahii na umaskini wa mkulima wa Newala. Hubiri bei nzuri ya korosho. Hubiri mizani sahihi kwenye chama cha msingi. Mbona mafanikio yenu yanaishia kwa aliyeshika bahasha ya sadaka?

Ya tatu: unachanganya dini na siasa. Anayesema hivyo akamuulize Frank Weston, askofu wa Zanzibar ambaye Masasi ilikuwa chini yake hadi alipofariki mwaka 1924. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuishambulia serikali ya Uingereza, nchi yake mwenyewe, kwa kuwatumikisha Waafrika kazi za lazima. Mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake London, watu waliopenda uvumba na ibada ndefu, kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Kristo altareni kama hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposimama dhidi ya mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakosa maana mbele ya watu hao. Kama hayo ni siasa, basi ni siasa ya siku nyingi.

Ya nne inatoka upande wa pili, kwa wale wanaotabasamu tangu nianze kuwasema walokole. Nyie wa makanisa ya zamani, wenye fahari ya Mtandi na Ndanda, mnaosema sisi tulikuwapo tangu mababu. 1876 si tunda lenu. Ni tunda la waliotembea kwa miguu kutoka Lindi. Cheti cha ubatizo cha babu hakizai. Ule mtini wa Marko sura ya 11 ulikuwa na majani mengi pia, na bila shaka ulikuwa na historia.

Sasa tufanye nini? Jibu limo katika Luka sura ya tatu, na huwa nashangaa kwa nini halihubiriwi kwenye makongamano. Yohana Mbatizaji anawaambia watu wazae matunda yanayoonyesha wametubu. Watu wanamuuliza: tufanye nini hasa? Hakuwaambia wafunge siku 21. Hakuwauzia mafuta. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichopangwa. Askari wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kumsingizia, waridhike na mshahara wao. Kila mmoja alijibiwa kwa kazi yake! Tunda la toba la mtoza ushuru lilikuwa kwenye hesabu zake.

Basi tumwulize leo. Karani wa ghala? Kilo iwe kilo. Nesi wa Mkomaindo? Mama mjamzito asitukanwe. Mwalimu? Fundisha darasani kile unachokiuza kwenye tuisheni. Afisa manunuzi? Tenda uliyoitolea ushuhuda, ilipatikanaje? Na sisi waandishi wa habari, ambao tunajua kuhoji kila mtu, angetuambia tusiandike habari kwa kuangalia unene wa bahasha, na tusiuache mgogoro wa mkulima kwa sababu hana matangazo ya kuweka gazetini.

Hayo hayana vigelegele. Hakuna atakayeitwa mbele Jumapili kushuhudia kwamba wiki nzima amepima kilo kamili. Mkorosho wenyewe unachukua miaka mitatu hadi minne kuanza kuzaa, na mkulima haulazi macho kila usiku akiukemea uharakishe. Anapalilia, anapogoa, anapulizia dawa maua yakianza, anasubiri. Ukuaji wa kiroho usiokuwa na palizi, wenye kuja kwa kuwekewa mikono dakika tano, mimi nautilia shaka hadi nimsikie jirani.

Luka sura ya 13 kuna mtini mwingine. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu hajapata kitu, anataka ukatwe. Mtunza shamba anamwombea mwaka mmoja zaidi, aulimie na kuutia mbolea. Kitabu hakisemi uliishaje. Mimi naona ni makusudi, kwa sababu mwaka huo ndio huu tulio nao.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya mkesha ujao, mlipe mfanyakazi wako wa ndani. Mpigie binamu yako umuulize ile milioni inazunguka juu ya mgongo wa nani. Zakayo alipotembelewa na Yesu alitaja atakachogawa na atakachorudisha, mara nne. Hakutaja alichopokea.

Mwenye hoja aje na hoja. Mwenye kangomba arudishe korosho za watu.